Kinu cha Mpagazi

Simu ililia mara mbili, ikanyamaza. Ikalia tena mara moja.

Mwanakheri Mwinyimadi aliuacha mchi ndani ya kinu, kisamvu bado hakijalainika, akajipangusa mikono kwenye khanga. Simu ile, Nokia kuukuu iliyofungwa kwa mpira, haikuwa ya kujuliana hali. Upande wa pili ilikuwa na mtu mmoja tu, na mtu huyo hajawahi kupiga kuuliza bei ya nazi.

"Mwali."

"Nakusikia, Kungwi."

"Uko na nani?"

"Kuku."

"Hawasemi?"

"Wa Kurui hawasemi. Wa Marui ndio wambea."

Kungwi hakucheka. Alikuwa mkuu wa Idara, ile isiyo na kibao mlangoni, na ucheshi wake wote aliumaliza siku alipompa mwanamke wa miaka arobaini na minne, mwenye mjukuu, jina la siri la Mwali.

"Kitasa kimepata mwizi," Kungwi alisema. "Wa ndani. Leo saa kumi kamili jioni wateja wake wanafungua barua za Zawadi."

Simu ikakatika.

Saa tatu na nusu asubuhi.

Kisamvu kikabaki pale pale.

Asiyejua atadhani Kitasa ni cha mlango. Kitasa kilikuwa maandishi ya kompyuta, rundo la mafumbo ya hesabu ambalo mtu yeyote aliweza kulitia ndani ya programu yake ili barua zake zisisomwe na asiyehusika. Mafundi huliita rundo la namna hiyo maktaba. Halikuwa na mwenyewe. Lilikuwa la chanzo huria, yaani limeanikwa hadharani kama mchele kwenye ungo: anayetaka aje achambue, akiona kijiwe akitoe. Watu wa Brazili walilichambua, wa India walilichambua, na kijiwe hakikuonekana.

Kazi ilikuwa kulihamisha. Kompyuta kubwa ina koo lake, simu janja ina lake, mita ya maji ina lake, na kitochi, kile kisimu cha tochi na redio, kina koo jembamba kuliko vyote. Kwa kila chombo lazima uwe na kinu chake, programu inayoyatwanga maandishi yasomwayo na watu yakawa unga unaomezeka na chombo kile.

Zawadi alikuwa na kitochi.

Zawadi alikuwa na miaka ishirini na sita, karani wa ghala moja kando ya barabara ya Morogoro, mahali pembe za ndovu zilipopakiwa chini ya magunia ya ufuta. Simu janja zilikatazwa humo. Kitochi hakikumtisha mtu. Kila siku aliiandikia Idara, Kitasa kikafunga, barua ikaruka. Wezi wa pembe walikuwa wakizidaka hizo barua hewani miezi mingi, wakazirundika, wakashindwa kuzifungua. Walijua kuna mdomo ndani ya ghala. Hawakujua ni wa nani.

Leo saa kumi vitochi vyote vingemeza toleo jipya la Kitasa, vyenyewe, bila kuuliza, kuzifunga upya barua zote za zamani kwa kufuli jipya na kuzirusha tena hewani. Zawadi hutoka zamu saa kumi na nusu. Kama kufuli jipya lilikuwa bovu, wale watu wangekuwa na nusu saa nzima ya kusoma jina lake huku yeye yuko ndani, geti limefungwa.

Wajenzi wa Kitasa walikuwa wawili. Mmoja Mwanakheri, ambaye watu wa Kurui walimjua kama fundi kompyuta mwenye vibao vya sola na mdomo mrefu. Kwamba Idara ilimpandikiza kwenye Kitasa miaka minane iliyopita, walilijua yeye na Kungwi tu.

Wa pili alikuwa Silvanus.

Silvanus alikuwa Mnyamwezi wa Tabora aliyejenga Mkuza, Kibaha. Kichwa cha hesabu, moyo wa maziwa, mdomo wa pilipili. Mzaramo na Mnyamwezi ni watani tangu enzi za misafara, babu zake Silvanus walipokuwa wakishuka pwani na mizigo kichwani na babu zake Mwanakheri wakiwangoja kivulini wawacheke. Kwa hiyo yeye alimwita Mpagazi, naye akamwita Mla Nazi.

Sheria yao waliitunga wenyewe. Kila toleo kila mmoja alijenga kwake, huyu Mkuza, huyu Kurui, asimwone mwenzake. Kisha saa mbili asubuhi mmoja alimsomea mwenzake kwa simu alama ya unga wake, herufi na tarakimu sitini na nne. Zikilingana, unga ni mmoja, kila mtu anatia saini kwa kifunguo chake kidogo cha USB. Bila saini mbili hakuna kinachotoka, na saini ikishawekwa mmoja hawezi kuifuta peke yake.

Miaka minane hawajawahi kusoma alama bila matusi. Saba, sifuri, b kama bibi yako aliyeliwa na fisi, fisi akatapika. Nne, nne, f. Hata wale wa Brazili walijua kwamba toleo la Kitasa halitoki mpaka watu wawili wa Pwani watukanane.

Asubuhi hii Silvanus alisoma kama katekista anayesoma matangazo.

Mwanakheri alikuwa na habari kwamba mjomba wake Silvanus, mzee Tito, alifariki juzi. Akamwanza kama ilivyo haki: nasikia mjomba kachoka kubeba, mwambie asiondoke na kirago changu. Na Silvanus, polepole, akajibu:

"Leo tuache utani, Mwanakheri. Nina msiba."

Mwanakheri akampa pole. Akatia saini. Akaenda kutwanga kisamvu, na kitu kikakaa kooni mwake kama mwiba wa perege.

Sasa aliujua mwiba ule.

Mtani haombi utani usimame siku ya msiba. Msiba ndiyo siku yake. Baba yake Mwanakheri alipofariki, Silvanus alitokea Kibaha bila kuitwa, akaenda hadi makaburi ya ukoo nyuma ya nyumba, akavua viatu, akaruka ndani ya kaburi akalala chali. Akatangaza hatoki mpaka apewe jogoo mwekundu na maji yenye barafu. Barafu, Kurui. Wazee walicheka mpaka wakashikana mabega. Mwanakheri, aliyekuwa siku mbili hajatia kitu mdomoni, alivisikia vile vicheko toka uani. Akacheka naye, kisha akalia kilio chenyewe, kisha akala.

Jioni ile walipeana namba za siri za vifunguo vyao, kama wosia. Silvanus alisema yake ni tarehe ya siku ile ile. Nikifa, Mla Nazi, wewe ndiye utakayenifungua. Yeye naye akamtajia namba.

Mwanakheri aliingia bandani.

Lilikuwa banda la makuti kwa nje na la karne nyingine kwa ndani. Kompyuta tatu za ThinkPad, vikompyuta vitano vya Raspberry Pi, na vitochi kumi na viwili vikining'inia kwenye kamba. Alichukua kimoja, akakilisha unga wa asubuhi, akakiamuru kirushe kete: kitoe namba ya bahati nasibu, ile ambayo kufuli lote husimama juu yake.

Elfu saba mia nne kumi na tisa.

Akakizima, akakiwasha.

Elfu saba mia nne kumi na tisa.

Akachukua kitochi kingine. Cha tatu. Cha nne.

Kete inayoangukia upande mmoja kila ukiirusha si kete. Ni msumari.

Akaufungua mchele wenyewe, maandishi yale yaliyoanikwa hadharani, akayapitia mstari kwa mstari. Safi. Hakuna kijiwe. Dunia nzima ilikuwa ikichambua nafaka na nafaka haikuwa na kosa. Sumu ilikuwa kinuni. Na kinu cha kitochi kilichongwa na mtu mmoja, wiki tatu zilizopita, akakileta mwenyewe mpaka Kurui kwenye flashi iliyofungwa ndani ya karatasi ya vitumbua. Vitumbua vilikuwa vya moto. Walivila pamoja kwenye mkeka huu huu, na Silvanus alimwachia yeye cha mwisho.

Ndiyo maana alama zililingana. Vinu viwili, mti mmoja.

Mwanakheri alikaa chini. Kwa muda wa kuhesabu kumi hakuwa mjasusi wa mtu.

Kisha akasimama.

Alikuwa na kinu cha zamani, cha kitochi cha miaka iliyopita, alichokichonga kwa mikono yake. Akakinoa, akakirekebisha, akatwanga upya ule mchele safi. Ilimchukua saa nzima na jasho la saa tatu. Akarusha kete mara ishirini. Namba ishirini, hakuna iliyofanana na mwenzake.

Akaunakili unga huo kwenye flashi, akaitia kifuani, mahali ambapo hata wezi wa Pwani huomba ruhusa.

"Kungwi. Ni Silvanus."

"Una hakika?"

"Hakika ninayo. Nilichokosa ni hamu ya kuwa nayo."

"Ameshatia saini?"

"Bado. Anasubiri dakika za mwisho. Kitu cha wazi kikikaa mezani nusu siku, kuna mtu mahali atakifunua."

"Tumvamie?"

"Mkimvamia, watapiga simu ghalani, na toleo lisipotoka saa kumi watajua tumewagundua. Nipe mimi. Nataka kifunguo chake, kompyuta yake, na dakika kumi."

"Yuko wapi?"

"Anazika. Saa tisa na nusu, makaburi ya Mkuza."

"Atakuwa na watu mia tatu, Mwali. Utaingiaje?"

"Kwa kelele," alisema Mwanakheri, na kwa mara ya kwanza siku hiyo akatabasamu. "Niletee kwaya."

Boxer iliwaka kwa teke moja.

Kurui mpaka Kisarawe mjini ni vumbi, na vumbi la huko halipanguswi, linahama na mtu. Alipita malori ya mchanga kushoto, akapita mengine kulia, akapita ng'ombe waliokuwa wakijadiliana katikati ya njia. Saa saba na nusu alikuwa Kisarawe. Akakata njia ya Mpuyani, akatokea Kiluvya kwenye lami, akaifungua pikipiki mpaka hijabu ikawa bendera.

Sikioni, chini ya hijabu, kulikaa kidude kidogo kuliko punje ya mahindi.

"Mwali, mgeni ameingia Kibaha," Kungwi alisema. "Prado nyeupe. Osterman. Ndiye mnunuzi. Ana mtu mmoja, Hashiru."

"Silaha?"

"Glock, chini ya koti. Wewe?"

Mwanakheri alipapasa mfuko. Kalamu ya wanja, mali ya Idara: ukibonyeza kitako chake, inatoa umeme wa kumlaza ng'ombe.

"Nimejipamba," alisema.

Saa tisa na robo, Mkuza.

Turubai la buluu, viti vya plastiki, sufuria za wali zikiwa tayari kwa watakaorudi makaburini. Mwanakheri aliegesha pikipiki karibu na duka la vifaa vya ujenzi, akafuata msafara wa jeneza. Mbele kwaya ilikuwa ikiimba, joho jeupe na kola nyekundu. Aliwatazama vizuri. Sauti ya pili ilikuwa inayumba, na besi wawili walikuwa wameshika vitabu juu chini. Watu wa Kungwi wana sifa nyingi. Kuimba hakumo.

Akamwona Silvanus.

Alisimama kando ya kaburi, koti la kijivu, begi la kompyuta begani, na shingoni, kwenye kamba moja na rozari, kifunguo chake. Amekonda. Kulia kwake alisimama mtu mrefu mwenye suti nyeusi, akilowa jasho kama kipande cha barafu, aliyetambulishwa kwa wafiwa kuwa mfadhili wa marehemu. Marehemu maisha yake yote alifadhiliwa na mihogo. Nyuma ya huyo kulikuwa na kijana mwenye shingo nene aliyevaa koti la baridi kwenye jua la Kibaha. Huyo Hashiru.

Saa tisa na dakika thelathini na mbili.

Mwanakheri alivua viatu.

Alikwenda kwanza kwa mjane, Bibi Eugenia, mke wa mzee Tito, aliyekuwa amekaa kwenye kiti karibu na jeneza, kitenge mabegani, macho yamekauka kwa kulia. Akapiga goti.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Ndiye wewe yule Mzaramo wa Silvanus?"

"Ndiye. Nimekuja kuzika vizuri, maana nyie wabeba mizigo mnaweza mkatua jeneza njiani mkapumzika."

Mjane alimtazama. Kisha, polepole, kicheko kikamtoka, kidogo, kama maji ya bomba la Jumatatu.

"Ametufikia mtani," akawaambia wenzake.

Basi.

Mwanakheri akaanza kazi. Alimpokonya katekista kitabu akakipepea kama kipepeo cha mkaa. Aliwauliza wachimba kaburi kama wanachimba choo. Alimwendea Silvanus, akamvua koti akalivaa yeye, mikono ikamfunika vidole, akatembea kwa kuinama kama mtu mwenye gunia kichwani. Watu wakaangua kicheko. Wanyamwezi wa Mkuza hawakuwa wameona Mzaramo wa kiwango hicho siku nyingi. Akalichukua begi. Akanyoosha mkono shingoni kwake, akaivua ile kamba, rozari akamrudishia, kifunguo akabaki nacho.

Silvanus alimkamata mkono. Alimkamata kwelikweli.

"Mwanakheri. Acha."

Kicheko kikakatika. Watu wakatazamana.

Alikuwa amekasirika, mbele ya mia tatu. Mtani hakasiriki. Unaweza kumwita mtani mwizi, mchawi, mzigo wa punda, akakurudishia, lakini akikasirika ameuvunja undugu ambao hata mahakama haiuvunji.

Bibi Eugenia aliinuka kwenye kiti.

"Silvanus. Tangu lini mfiwa akamkatalia mtani? Mjomba wako angekuonea aibu. Mwachie."

Akamwachia. Vidole vyake vilikuwa vya baridi. Macho yao yakakutana kidogo, na Silvanus akajua kwamba amejulikana.

Mwanakheri hakungoja. Alikumbatia begi, akaruka.

Futi sita kwenda chini.

Alilala chali ndani ya kaburi la mzee Tito, kwenye udongo mwekundu wenye ubaridi wa mtungi, akatangaza kwa sauti ya mnada kwamba hapa ni kwake, hatoki mpaka apewe jogoo mwekundu na maji yenye barafu, na marehemu kama ana haraka apande bodaboda.

Juu kukawa kama harusini.

Chini akafungua ThinkPad ya Silvanus.

Toleo lilikuwa pale, lenye saini yake ya asubuhi, likingoja moja tu. Alichomeka flashi. Akauweka unga wake kando ya ule wa Silvanus. Akautia saini kwa kifunguo chake. Ili ule wa asubuhi ufutike na huu utoke zilitakiwa saini mbili, kwa hiyo akachomeka kifunguo cha Silvanus na skrini ikaomba namba ya siri. Majaribio matatu, kisha kifunguo kinajifunga milele.

Tarehe aliyozikwa baba yake. Bila shaka kaibadilisha. Mtu anauza rafiki yake, atabaki na namba ile ya nini?

Akaiandika hata hivyo.

Ikafunguka.

Hapo ndipo alipoumia. Si kwa kinu, si kwa vitumbua. Aliumia kwamba mtu yule alikuwa akiiandika siku ile ya baba yake kila alipofungua kifunguo, na hata wiki aliyokuwa akichonga kinu cha kumuua Zawadi aliiandika.

Saa tisa na dakika arobaini na nane.

Tuma.

Asilimia tatu. Asilimia tatu. Asilimia tatu.

Mtandao haushuki kaburini.

Aliitazama Tecno yake, simu janja iliyokuwa ikiipa kompyuta mtandao. Hata kijistari kimoja hakuna. Na hapo kivuli kikafunika mwanga: viatu vikubwa ukingoni, kisha mtu mzima akashuka, udongo ukimmwagikia Mwanakheri usoni. Hashiru. Juu watu walishangilia, wakidhani amepatikana wa kumtoa mtani kwa nguvu.

Alichuchumaa, mkono ndani ya koti, akanong'ona.

"Nipe begi, mama, au nakufukia mwenyewe."

"Karibu, mwanangu," alisema Mwanakheri. "Nyumba ndogo, ila haina kodi."

Kalamu ya wanja ikamgusa chini ya sikio.

Hashiru alinyooka, akakunjika, akalala pembeni yake kama mume aliyechoka. Mwanakheri akaichomoa ile Glock, akaikalia.

"Jamani," akapaza sauti, "mmeniletea mwanamume na yeye kalala. Mzikeni huyu kwanza, mjomba angoje foleni."

Kulikuwa na mzee mmoja juu aliyecheka mpaka akashikwa kikohozi na kupigwa mgongoni.

"Bibi Eugenia," aliita tena, akainua Tecno kwa mkono ulionyooka. "Nishikie hii hapo juu, uilenge kwangu. Nataka wajukuu wa Kurui wanione nilivyopata kiwanja Kibaha."

Mjane aliinama, akaipokea kwa mikono miwili, akaishika ukingoni kwa uangalifu wa mtu aliyebeba yai. Vijistari vitatu vikarudi.

Asilimia kumi na moja.

Thelathini.

Juu Osterman alikuwa akitazama saa yake. Alimsemesha Silvanus sikioni. Silvanus alikuwa akilitazama shimo.

Hamsini na sita.

"Mwali." Kungwi, sikioni. "Dakika nne."

"Nahesabu."

"Mgeni ametoa simu."

"Mwimbieni."

Kwaya ikajongea. Besi wawili wakasimama upande huu wa suti nyeusi, tena upande ule, wakaimba kwa nguvu zaidi na vibaya zaidi. Mmoja akamshika Osterman mkono kwa huzuni kubwa, kama mtu anayemfariji mfadhili. Simu ikaingia ndani ya joho. Kitu kigumu kikamgusa mbavu. Osterman alifumba mdomo.

Themanini na tisa.

Tisini na saba.

Mia.

Saa kumi kasoro dakika mbili. Zilipotimia saa kumi kamili, vitochi vyote vilivyobeba Kitasa vikameza unga safi, na kile kimoja kilichokuwa chini ya meza ya karani, ndani ya ghala lenye magunia ya ufuta, kikawasha taa yake ndogo ya kijani, kikaizima. Waliorundika barua wakafungua mikono, wakasubiri, wakapata mchanga.

"Unga umefika," alisema Mwanakheri.

Jogoo mwekundu alipatikana kwa jirani. Barafu ilitoka dukani. Mwanakheri alitoka kaburini kwa kuvutwa na wanawake wanne, akiwa na koti la mwanamume, udongo mpaka kwenye kope, jogoo kwapani. Hashiru alitolewa na wanakwaya kama mlevi, wakimwombea. Kisha mzee Tito akalazwa palepale, na Mwanakheri akawa wa kwanza kumtupia udongo, akamwomba radhi kwa kumpashia kitanda.

Waliobaki waliimba. Safari hii waliimba vizuri, maana nusu ya kwaya ilikuwa imeshapanda gari.

Silvanus walimketisha kwenye kiti cha plastiki nyuma ya turubai, pingu zimefunikwa kwa khanga ili wafiwa wasione. Hilo Mwanakheri ndiye aliyeliomba. Alimsogelea, akamvalisha koti lake mabegani.

"Ulijuaje?" Silvanus aliuliza, bila kumtazama.

"Ulikataa utani."

Alitikisa kichwa kidogo, kama fundi aliyeonyeshwa kosa kwenye mstari wa kwanza. Kisha akasema, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayetoa kitu alichokificha muda mrefu:

"Mimi nilikupa namba ya kweli. Siku ile ya baba yako. Nilikupa ya kweli na sikuibadilisha. Wewe uliyonipa ilikuwa ya uongo."

Ilimpata. Mahali pale pale.

Ilikuwa kweli. Idara iliamuru, naye akaamuru mdomo wake, na jioni ile, mbele ya kaburi ambalo udongo wake haujakauka, alimtajia rafiki yake namba ya hewani. Tangu siku ile alikula vitumbua vyake akiwa na namba hiyo tumboni. Alitaka kusema hakuwa na hiari. Alilisikia neno lenyewe, akaliona halina uzito, akaliacha.

"Ulijuaje ni ya uongo?" akauliza.

"Niliijaribu kwenye kifunguo chako. Ikakataa."

"Lini?"

"Mwezi wa tatu."

Kinu kilikuja mwezi wa tano.

"Na uliijaribu kwa nini, Mpagazi?"

Silvanus aliitazama khanga iliyofunika pingu zake.

Mwanakheri alingoja. Tusi moja tu lingemtosha, hata dogo, hata la bibi aliyeliwa na fisi. Alisimama pale na jogoo wake kwapani akilingoja kama mtu anayengoja maji ya moto yapoe. Halikuja.

Akageuka.

Bibi Eugenia alimrudishia Tecno, akamshukuru kwa kuja, akasema msiba usio na mtani ni njaa juu ya njaa. Akamuuliza Silvanus kaenda wapi. Mwanakheri alimjibu kwamba kabeba mzigo mzito, kaenda kuutua. Mjane akacheka. Atakuja kuelewa kesho, mwenyewe, akiwa amelala vizuri.

Boxer iliwaka kwa teke moja. Jogoo alifungwa kwenye usukani, uso mbele, kama nahodha.

Saa kumi na dakika thelathini na nne, sikio likalia.

"Mwali. Zawadi katoka getini."

"Anafanya nini?"

"Ananunua mihogo ya kukaanga. Gari letu liko nyuma yake."

"Mwambieni aongeze pilipili."

"Kazi nzuri," alisema Kungwi. Akasita, jambo ambalo hakuwa na desturi nalo. "Na wewe uko sawa?"

Mwanakheri alilitazama lile kaburi jipya, na msalaba wake, na mashada ya karatasi.

"Niko na kuku," alisema.

Akachomoa kidude sikioni, akakitia mfukoni pamoja na wanja. Kisamvu kilikuwa kikimngoja Kurui, nusu kimetwangwa. Kinu kile, angalau, alijua kilichongwa na nani.